Nyuzi Arobaini na Tatu

Mwalimu wa hesabu alichomwa sindano ya penisilini saa nne asubuhi, na saa nne na dakika tano alikuwa sakafuni anatafuta pumzi. Alipona, Mungu mkubwa. Alipoweza kuketi alimwuliza daktari swali moja tu: "Miaka kumi na miwili iliyopita niliwaambia mimi na dawa hii hatupatani. Mliandika wapi?"

Daktari, ambaye zahanati ile ilikuwa yake na leseni yake ukutani, alipekua kompyuta asione kitu. Hilo lilimuuma kuliko hata barua ya Baraza la Madaktari iliyofika baadaye. Baraza lilitaka kujua kama zahanati ilikuwa na habari ya mzio wa mwalimu. Daktari alipewa siku kumi ajibu, na jibu baya lingeifunga zahanati.

Ukweli ni kwamba haikuandikwa popote. Ilifungwa. Muuguzi mkuu, ambaye wote walimwita Bi Nyuzi, alikuwa na utaratibu wake tangu enzi za kadi: mgonjwa asiyepatana na penisilini, kadi yake ilitobolewa tundu dogo pembeni, ikafungwa uzi mwekundu. Hata mtu mwenye haraka ya kukimbiza mwizi, uzi ungemgusa kidole. Miaka yote hiyo haukuwahi kumwangusha mtu.

Kisha sheria mpya ikataka kumbukumbu zote ziingie kwenye kompyuta. Akaja fundi na skana yake, na siku ya kwanza skana ikakwama, nyuzi zimejisokota ndani. "Mama, hizi kamba zitoe," fundi akasema. Bi Nyuzi akashika mkasi, akazikata moja moja na kuzitia kwenye chupa ya dawa, akiamini mashine ya wasomi haiwezi kukosa mahali pa kuonyesha jambo kubwa namna ile. Fundi naye alidhani ni mapambo. Hakuna aliyemwuliza mwenzake, na kadi zikachomwa moto kama mkataba wa fundi ulivyotaka.

Sasa chupa ilikuwa mezani.

"Nimezihesabu," alisema Bi Nyuzi, macho yamemwiva. "Arobaini na tatu. Mwalimu ni mmoja. Arobaini na wawili wako huko nje, daktari, na mkasi niliushika mimi."

Fundi, aliyekuwa ameitwa arudi, akafungua picha ya kadi ya mwalimu na kuikuza. Pembeni, juu, palikuwa na nukta nyeusi. Uzi ulikatwa, lakini tundu lilipigwa picha.

"Basi tutawapata," alisema daktari, na kwa mara ya kwanza wiki ile alivuta pumzi hadi tumboni.

"Taratibu, shemeji." Aliyesema ni wakili wake, mume wa mdogo wake. "Nukta hiyo ndiyo itakayokumaliza. Bila hiyo, ni neno la mwalimu na neno lako. Ikiwepo, ulijua. Na ukimpigia simu hata mmoja wa hao wengine, umeshakiri."

Fundi akakohoa. "Mfumo una kitufe cha kusafisha picha. Madoa yote yanaondoka. Watu wengi husafisha tu, zipendeze."

Wakili akageukia dirishani, akawa anatazama nje kama mtu asiyesikia.

Daktari alihisi hasira ikimpanda, na nyuma yake hofu, maana aliipenda zahanati ile kama mtoto. "Mficha maradhi kifo humuumbua," alisema. "Ila hapa maradhi ni yangu, kifo ni cha wengine. Hakisafishwi kitu. Fungua kadi ya kwanza."

Kadi zilikuwa elfu nne. Wakili aliondoka amenuna, kesho yake akarudi amekunja mikono ya shati. "Kama umeamua kuzama," alisema, "angalau uzame na wakili." Fundi hakuombwa kubaki, wala hakuondoka. Kila nukta iliyoonekana, daktari alipiga simu mwenyewe, akajitaja, akaeleza kosa. Wengine walishukuru, wengine walimtukana, naye akapiga namba iliyofuata.

Siku ya tatu walikuwa na arobaini na mbili, pamoja na mwalimu. Wakarudia zote. Arobaini na mbili.

"Labda uzi mmoja ulikatika vipande viwili," alisema fundi, macho yakimfumba kwa usingizi.

Bi Nyuzi alimtazama mpaka akajutia kinywa chake. "Kila uzi nilifunga fundo moja. Sikuhesabu nyuzi, baba. Nilihesabu mafundo."

"Kama tundu halionekani, limefichwa," alisema daktari. "Tafuteni kadi iliyokunjika pembe."

Waliipata siku ya nne, mchana, moja peke yake. Ilikuwa ya binti wa miaka sita, aliyewahi kuletwa na bibi yake akiwa mchanga. Bibi alishafariki. Daktari akapiga simu, akapokea mama mtu, na nyuma yake sauti za watu wengi. Daktari akajitaja, akamwulizia mtoto.

"Umejuaje anaumwa, daktari? Tuko foleni, zahanati ya huku kazini kwangu. Koo limemvimba, wanasema atachomwa sindano."

"Penisilini hapana. Hakuna aliyewahi kukuambia, na kosa ni letu. Nenda kamwambie muuguzi sasa hivi. Mimi nasubiri hapa hapa."

Zikasikika hatua, mlango, maneno ya haraka. Bi Nyuzi alikuwa ameshika chupa kwa mikono miwili.

"Nimewaambia," alisema mama. "Wameandika."

"Wameandika wapi?"

"Juu ya faili, kwa wino mwekundu."

"Wakusomee uhakikishe," alisema daktari, na hakukata simu mpaka mama aliposomewa.

Kisha akaivuta barua ya Baraza. Chini ya swali lao akaandika: *Ndiyo, tulijua.* Wakili alisoma, akasoma tena, akamsogezea muhuri.