Msimwamshe

Kwa miaka kumi na minane fundi alikoroma, na watu hawakumficha. Majirani walimtania kwamba wao hawana haja ya kununua saa: ngurumo zikikoma tu, wanajua fundi ameamka na kumekucha. Alicheka pamoja nao. Mkewe ndiye hakucheka, maana yeye alisikia kile ambacho majirani hawakukisikia. Katikati ya kukoroma, pumzi ya mumewe ilikatika ghafla, kukawa kimya. Hapo mama huyo alianza kuhesabu: moja, mbili, tatu. Akifika kumi na pumzi haijarudi, anamtia kiwiko cha mbavu. Mzee anashtuka, anavuta hewa kwa nguvu, anageuka upande wa pili na kuendelea na ngurumo zake. Asubuhi hakumbuki lolote. Anayeamka na macho mekundu ni mke.

Mchana usingizi ulimfuata fundi mpaka kwenye cherehani. Chumba cha mbele cha nyumba yao kilikuwa ndicho duka, na humo alishona sare za shule. Siku moja alisinzia akashona mikono yote miwili upande mmoja wa shati, na mzazi aliyelifuata akauliza kama mwanawe amepimwa akiwa amelala ubavu. Walicheka. Wiki iliyofuata sindano ya mashine ilipita katikati ya kidole chake, na mkewe akasema sasa basi. Akamshika mkono mpaka hospitali.

Daktari alieleza kwamba taya la fundi limekaa nyuma, na njia ya hewa nyuma ya ulimi ni finyu. Wakalikata taya la juu na la chini, wakayasogeza mbele, wakayakaza kwa vyuma vidogo, kisha wakayafunga meno ya juu na ya chini pamoja kwa mipira midogo ili mifupa itulie. Wiki sita: hakuna kutafuna, hakuna kusema.

Alirudi nyumbani na uso umevimba, kidevu kimekufa ganzi, analala ameegemezwa mito kama mgeni wa heshima. Mkewe alichuja supu mara mbili, akaivuta kwa bomba lisilo na sindano na kuipitisha taratibu pembeni mwa shavu. Kazi hiyo aliifanya huku akimchokoza.

"Miaka yote nilikuwa natafuta jinsi ya kukunyamazisha. Kumbe dawa ni kufungwa mipira tu!"

Fundi alivuta ubao wake mdogo mweusi, ule wa kuandikia vipimo vya wateja, na chini ya kiuno cha mtu na urefu wa suruali yake akaandika kwa chaki: *Nikifunguliwa utanikoma.* Mke akacheka mpaka supu ikamwagika.

Upasuaji ulikuwa umefanya kazi. Fundi sasa alipumua kwa wepesi, usiku kucha, bila kukatika. Lakini mkewe hakulala. Alikaa na kiganja juu ya kifua cha mumewe, akihesabu vilevile.

"Sijazoea," alisema. "Nikisikia kimya naona umenifia."

Jioni ya siku ya kumi na tano fundi alimwandikia ubaoni: *Lala. Sasa ni zamu yako.* Mke aliusoma, akampigapiga begani, akasema kichwa kinamgonga kidogo, kweli atalala.

Alfajiri fundi aliamshwa na sauti. Mkewe alikuwa amelala chali, mdomo wazi, anakoroma. Na si koromo la kitoto. Ilikuwa sauti nzito, ya kukwaruza, inayotoka chini kabisa kooni. Fundi hakuwahi kumsikia mtu akikoroma karibu naye namna hiyo, kwa kuwa miaka yote mkoromaji alikuwa yeye. Akakaa kitandani akamtazama, na nyuma ya meno yaliyofungwa akacheka. Alifurahi, jamani. Alifurahi kama mtu aliyefanikiwa kulipa wema. Akamfunika shuka mpaka mabegani, akavuta pazia lisiingize mwanga, akanyata kutoka. Kwenye kitasa cha mlango akatundika ubao: *Mama amelala. Msimwamshe.*

Hakuigusa hata cherehani, ili isipige kelele. Alikaa dukani akikunja pindo za sketi kwa mkono.

Saa moja aliingia binti yao wa pekee, aliyeishi mtaa wa pili na kuja kila asubuhi kutia vifungo na kupiga pasi. Fundi akaweka kidole mdomoni, akaonyesha kwa kichwa upande wa chumbani. Binti akatabasamu, akapita ukumbini kwenda jikoni kuchemsha maji.

Saa nne fundi akapeleka chai mwenyewe. Koromo lilikuwa limepungua, limebaki la kukatikakatika. Alimgusa bega. Alimtikisa. Upande mmoja wa uso ulikuwa umelegea, na mkono aliouinua ulianguka kitandani kama kitambaa. Fundi akataka kupiga kelele, kelele ikagonga meno na kurudi tumboni. Akapiga ukuta kwa ngumi mpaka binti akaja mbio.

Hospitalini waliambiwa ni mshipa wa damu uliopasuka kichwani. "Mgonjwa wa namna hii huwa anakoroma vibaya, haamshiki," daktari wa zamu alisema. "Hamkusikia kitu?" Fundi alitazama sakafu. Binti akajibu kwamba mama alikuwa amelala tu. Daktari akasema angeletwa mapema pengine pangefanyika kitu, kisha akaona nyuso zao, akaongeza kwamba pengine pia pasingefanyika.

Alifariki siku ya tatu.

Waombolezaji walijaa, na kila aliyempa fundi mkono alimwambia asijisumbue kusema, wanaelewa. Ile mipira iliyomtesa ikawa kimbilio lake. Nani amuulize swali mtu aliyefungwa mdomo? Ubao ulikuwa bado kwenye kitasa, lakini umefutwa safi. Hakujua nani aliyeufuta, wala hakuuliza. Chaki ilikuwa mfukoni mwake siku zote hizo. Mara mbili aliandika ubaoni *Nilimsikia*, na mara mbili akafuta kwa mkono wa shati kabla binti hajageuka. Tuseme ukweli, si mipira iliyomzuia. Alikuwa anaogopa kubaki bila mtoto pia.

Binti ndiye aliyechuja supu sasa. Aliinywesha bila kumwangalia machoni, na fundi aliona ni haki yake.

Wiki ya sita daktari wa taya alikata mipira, mmoja mmoja, akaitupa kwenye kibakuli. Akasema kazi imetoka vizuri sana, fundi hatakoroma tena.

"Haya, jaribu sauti. Hesabu mpaka kumi. Usifungue sana."

"Moja," fundi alisema, na sauti ilikuwa ya mtu mwingine. "Mbili. Tatu." Alipofika saba akashindwa. Daktari akadhani ni maumivu, akamruhusu kwenda.

Nje, kwenye benchi la ukumbini, fundi akamzuia binti yake asisimame.

"Alikuwa anakoroma," alisema. Maneno yalitoka mazito. "Alfajiri ile. Nilimsikia, mwanangu. Nikacheka. Nikamfunika, nikaandika ule ubao. Nilidhani hatimaye amepata usingizi."

Binti alikunja na kukunjua kadi ya hospitali.

"Nilifungua mlango, baba," akasema. "Nilipokuwa naenda jikoni. Nikachungulia. Na mimi nilicheka. Nilisema moyoni, leo mama anajilipia usingizi wake. Nikarudishia mlango polepole ili usipige kelele." Akafuta pua kwa nyuma ya mkono. "Ubao nilifuta mimi. Sikutaka watu wausome. Na wewe nilikuwa naogopa utaniuliza."

Fundi akafungua mdomo. Taya halikukubali zaidi ya upana wa kidole, lakini kilio kikapita hapohapo, kile cha wiki nne.

"Taratibu, baba, daktari amesema usifungue sana," binti alisema huku naye analia, akaweka kiganja chini ya taya la baba yake kulishikilia. Kidevu bado kilikuwa na ganzi. Hakuusikia ule mkono, aliuona tu.