Ushahidi wa Matumbo

Kila asubuhi, kabla chai ya wodini haijapoa, Profesa alipita kitanda hadi kitanda na wanafunzi nyuma yake, akiuliza swali moja: "Umetoa upepo?" Kwa mtu aliyetoka kufanyiwa upasuaji wa utumbo, huo si utani. Utumbo uliokatwa na kuungwa hulala kwanza, na upepo ndiyo habari njema kwamba umeamka. Huulizwa wakubwa kwa wadogo, na bibi wenye heshima zao hujibu wakiangalia ukuta.

Dereva wa lori, aliyepasuliwa utumbo na usukani katika ajali, hakuwahi kujibu. Lilijibu tumbo lake, kwa sauti ya kawaida, nzito kidogo.

"Aliyenishona ni Fundi. Profesa aliingia, akapigwa picha, akaondoka kuwahi mkutano."

Sista wa wodi aliandika kwamba utumbo umeanza kazi, akaruhusu mgonjwa apewe uji.

Fundi ni jina ambalo wauguzi walimpa daktari mmoja, binti mwembamba aliyekuwa anamaliza masomo ya upasuaji. Alikuwa akiunga matumbo yaliyochanika vibaya, na hayakuvuja. Lakini kila upasuaji uliandikwa jina la Profesa, yeye akawekwa msaidizi. Idara ilikuwa na nafasi moja ya kazi, na nafasi hiyo ilitaka mtu aliyewahi kupasua kwa jina lake mwenyewe. Kila Jumapili mama yake alipiga simu kuuliza ataajiriwa lini.

"Vumilia, binti yangu," Profesa alimwambia. "Mvumilivu hula mbivu."

"Mbivu zinaliwa, Profesa. Ila mlaji si mimi."

Profesa alicheka sana. Hakuwa mtu mbaya wa kucheka naye.

Baada ya dereva likafuata tumbo la mwalimu mstaafu, aliyetolewa uvimbe kwenye utumbo mpana. Lilieleza mbele ya wajukuu kwamba Profesa alipiga simu kuuliza kama wamemaliza. Wajukuu walimshukuru Fundi, kisha wakaenda ofisini kumshukuru Profesa zaidi. Siku zilivyosonga wodi ilizoea. Sista aliwahamishia wenye matumbo ya maneno mengi upande wa dirishani, wenzao wapate usingizi.

Halafu Profesa mwenyewe akapatikana na uvimbe wa utumbo. Alikuwa na marafiki mabingwa ng'ambo, na wote walijitolea kumpokea. Alimwita Fundi ofisini, akafunga mlango.

"Nishone wewe," alisema. "Sitaki mtu mwingine anishike."

Ikawa mara ya kwanza kwa Profesa kukaa chumba cha upasuaji tangu mwanzo hadi mwisho.

Profesa alipoanza kupata nafuu, Fundi alisimama kando ya kitanda chake. "Shikamoo, Profesa. Umetoa upepo?"

"Kanishona Fundi," tumbo likasema. "Na wale wengine wote kawashona yeye."

"Ni kweli," Profesa alisema, akivuta shuka. "Limeamka vizuri."

Alipona, akarudi kazini, akaongoza jopo la usaili. Mkurugenzi wa hospitali alimuuliza Fundi ni wagonjwa gani amewapasua mwenyewe. Fundi alisema ni karibu wote waliopita wodini. Mkurugenzi alisema kumbukumbu zinamtaja kama msaidizi tu. Hapo tumbo la Profesa lilizungumza kutoka chini ya meza, likarudia yote liliyosema wodini bila kuficha, likaongeza na habari za picha.

Wote walisikiliza mpaka likamaliza.

"Tumekusikia, ahsante," mkurugenzi aliliambia. "Lakini tumbo haliweki saini."

Profesa alikubali kwamba utaratibu ni utaratibu. Nafasi alipewa kijana kutoka nje, mwenye vyeti safi. Mwaka huohuo Profesa alichapisha utafiti kuhusu matumbo yanayosema kama dalili ya kupona. Ulipokelewa kwa makofi, na hospitali nyingine nazo zikaanza kusikiliza. Mwishoni mwa andiko aliwashukuru wasaidizi wote kwa jumla.

Fundi alilia kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Aliumia, akaona haya kuumia, kisha akakasirika kwa sababu ya ile haya. Alipotoka, Profesa alikuwa anamsubiri mlangoni.

"Kesho kuna mama ana uvimbe chini kabisa, karibu na njia ya haja kubwa. Kazi ngumu ile. Wahi, binti yangu. Mimi nitapita."

Neno "siji" lilimfika Fundi mdomoni. Alilishika hapohapo, akaenda wodini kumtazama mgonjwa. Mama alikuwa ameketi kitandani, anakunja nguo zake na kuzipanga kwenye mfuko.

"Nimeambiwa huko nje nimuulizie Fundi," mama alisema. "Ndiye wewe?"

"Ndiye mimi, mama."

"Basi nitalala hapahapa, siondoki."

Asubuhi Fundi aliwahi. Mama wa watu hakuwa na kosa.