Bati Moja Limebaki

Émérence alikifunika kile kiti kwa kikwembe chake cha maua mekundu, akakisukuma nyuma ya mlango wa wodi, kama mtu anayeficha pombe akisikia mchungaji anabisha hodi. Kilikuwa kiti cha magurudumu, na wala hakukiiba. Kililetwa na Jovial, kine wa hospitali, yule kijana anayewafundisha waliovunjika kuutumia mwili upya. Alikileta kwa ajili ya mume wa Émérence, Jean-Luc Mwamba, fundi wa kuezeka nyumba, aliyekuwa amelala kitanda cha pembeni akitazama ukuta tangu mvua zilipoanza Kalemie.

Na alianguka wapi? Juu ya paa la kanisa lao wenyewe. Ndiyo, la nyumba ya Mungu! Alikuwa amebakiza bati moja tu, lile la juu ya madhabahu, ubao ukakatika chini ya mguu wake. Mgongo ukavunjika. Kuanzia kiunoni kwenda chini hakusikia kitu tena, hata umchome sindano.

Sasa sikiliza alichofanya mke wake. Kanisani kwao wana desturi ya kushukuru mbele. Unaomba jambo, halafu unasimama mbele ya watu unalitangaza kana kwamba limekwisha kutendeka, na ukishalitangaza hulirudishi. Ukirudi kusema habari ya ugonjwa, umemfanya Mungu muongo. Basi Jumapili ya kwanza baada ya ajali, Émérence akaenda kuomba maombi tu, hakuwa na zaidi. Wakampa mikrofoni. Akaona macho yote yale, akaona tundu kule juu na mbingu inaonekana, mdomo ukamponyoka, akimwita mumewe kwa jina la binti yao: "Papa Rachelle anatembea! Bwana amemusimamisha!"

Loo! Kanisa lilivyolipuka! Ngoma, vigelegele, mama wazima wanagaagaa chini. Mama Bertille, mkuu wa kwaya, mwanamke mwenye sauti ya kuamsha mtaa, akamkumbatia huku analia.

Tangu siku ile Émérence akawa mfungwa. Usiniambie hospitali haina kufuli. Nyumbani hakuweza kwenda, jirani wangemuuliza mbona hawajamuona Papa Rachelle. Alibaki kwenye mkeka wake chini ya kitanda cha mumewe, ananusa dawa na harufu ya ndagala, vile visamaki vya ziwani, kutoka kwenye masahani ya wagonjwa wengine. Watu wa kanisa wakija anamfunika mume miguu haraka haraka na kusema: "Ametembea asubuhi, sasa amechoka." Wanaitikia amina. Wakiondoka anaona haya, na kesho yake anasema vilevile.

Jovial alijaribu. Alikuja kwa utani wake wa kila siku: "Papa Jean-Luc, hii kiti haikuli. Kaa kidogo tu, nikufundishe kuhama toka kitandani."

"Kesho," Jean-Luc alijibu, akageukia ukuta.

Kila siku ilikuwa kesho. Émérence alifikiri anajua sababu: mume wake ameamini ushuhuda, anangoja miguu iamke. Angewezaje kumvunja imani yeye mwenyewe aliyeiwasha? Kwa hiyo alinyamaza.

Siku moja Jovial akamvuta pembeni, na siku hiyo hakutania. "Mama Rachelle, umeona kile kidonda cha nyuma? Ni kulala kunakileta. Kikifika kwenye mufupa, hapa hatutaweza kitu. Huyu papa hatauawa na mugongo, atauawa na kitanda. Akae. Ajifunze kile kiti."

"Mungu atafanya," alisema Émérence. Wala yeye mwenyewe hakuisikia amina moyoni mwake.

Alikiona kidonda, ndiyo. Alikiosha kila asubuhi, na kila asubuhi kilikuwa kimeshuka ndani zaidi.

Ijumaa Mama Bertille akaja na habari njema, anavyozihesabu yeye. "Jumapili tunakuja kumutoa! Kwaya nzima! Tutamutandikia vikwembe toka kwenye mulango huu mpaka barabarani, akanyage kama mufalme. Na lile bati la juu ya madhabahu, hatukumupa fundi mwingine kulipiga. Tunamungoja mwenyewe. Mvua inatunyeshea, tunaimba tu."

Jean-Luc alifumba macho. Émérence alisema asante. Angesema nini kingine? Usiku kucha alijiambia: nitasema kesho. Jumamosi ikapita, hakusema.

Jumapili binti yao Rachelle alifika mapema na bugali ya baba yake kwenye sufuria, lakini hakuna aliyekula. Ndani ya kidonda kulikuwa kumeanza kuonekana kitu cheupe. Rachelle alikiona, akamtazama mama yake. "Mama, sema nao," alisema. "Sema tu." Na nje nyimbo zilikuwa zimekwisha kufika.

Wakaingia na mavazi yao meupe, Mama Bertille mbele. Kwa dirisha Émérence aliona vikwembe vimetandikwa kwenye udongo, vya kijani, vya buluu, vingine vipya kabisa na lebo bado, vinaelekea barabarani. Watu wa hospitali walikuwa wamesimama kutazama.

"Papa Jean-Luc! Njia iko tayari. Inuka!"

Na Jean-Luc, yarabi, Jean-Luc akashika chuma cha kitanda. Akajivuta. Mishipa ya shingo ilimtoka, jasho likamchuruzika, miguu ikabaki nyuma yake imelala tu. Kiwiliwili chake kilikuwa kimefika ukingoni kabisa. Alikuwa anajitupa chini. Mume wake alikuwa anaanguka kwa ajili ya kanisa mara ya pili, na safari hii ni yeye Émérence aliyempandisha.

"Acha!" alipiga kelele, akamdaka kifuani. "Acha, baba! Nilidanganya! Hajatembea hata siku moja. Nilidanganya kanisani, nikadanganya hapa. Musimuite tena ainuke!"

Wimbo ulikatika. Mtoto wa kitanda cha tatu alianza kulia, mama yake akamnyamazisha.

Jean-Luc alihema kwenye bega lake. "Najua," alisema.

"Unajua nini?"

"Kwamba ulidanganya. Si ni miguu yangu, Mama Rachelle? Nani angejua kunipita?" Alicheka kidogo, kicheko kibovu. "Nilijua tangu siku ya kwanza. Ningekaa kwenye kile kiti, wangekuita muongo mbele ya mutaa muzima. Nikasema acha nilale."

Émérence alilia bila kujificha. Kumbe kila mmoja alikuwa amejifungia ndani ili kumlinda mwenzake, na kitanda kilikuwa kinamla mmoja wao. Rachelle hakungoja ruhusa. Alikivuta kiti kutoka nyuma ya mlango, akakivua kikwembe, na wakamhamisha baba kama Jovial alivyokuwa akiwahamisha wengine, mmoja kwapani, mmoja magotini. Jean-Luc aliuma meno, lakini alikaa.

Walipomsukuma nje, gurudumu lilimeza kikwembe cha kwanza na kukwama. Kilikuwa cha Mama Bertille. Waimbaji waliangalia chini, wawili waliondoka bila kuaga. Émérence akapiga magoti, akakitoa kwenye vyuma, akaanza kukusanya vingine kimoja kimoja mbele ya kiti, machozi yanadondokea vitambaa vya watu. Hakuna aliyemsaidia mpaka karibu na barabara. Hapo Mama Bertille aliinama akachukua kile cha mwisho, akakikunja taratibu, hakumtazama.

"Mama Bertille," Jean-Luc aliita. "Lile bati bado?"

"Bado, papa. Tulikungoja wewe."

Jean-Luc aliinua uso kutazama mawingu yanayotoka ziwani.

"Tafuteni fundi mwingine," alisema. "Leo leo, kabla mvua haijanyesha. Mimi nitakuja kukaa chini yake."