Marehemu Anasuka

…kwamba alikufa, basi, alikufa, na vidole vyake vinaendelea kugawa nywele za Muhonja mistari mistari kama havijapata habari, kitana kinapita, mafuta yanapakwa, na Muhonja, mteja wake wa siku zote hapa saluni ya Shieywe, anasimulia harusi ya binamu yake kule Chekalini, kwamba hema limekodiwa dogo, kwamba gauni linabana kwapani… na Nabintu anasema ee, anasema kweli, lakini sikioni bado imekwama ile sauti ya Nsimire, mdogo wake, iliyoingia kwenye simu kabla tu Muhonja hajaketi, sauti ya kutoka Kanada, ya chini chini kama ya mtu aliyejifungia chooni, “Yaya, usinikasirikie, kule kambini Kakuma niliwaambiaka wale wenye kunihoji kama ulikufa,” ndivyo alivyosema, yaya, yaani dada mkubwa, kwa Kiswahili chao cha Kivu, Kongo, ambacho Nabintu mwenyewe sasa anakisikia kwa mbali, halafu akasema ile picha uliyoweka mtandaoni ukaniita mdogo wako uitoe leo, niko karibu kupata uraia, wanachunguza kila kitu, mtu akikuuliza sema tulikuwa majirani… majirani, Mungu wangu, jirani gani hubebwa mgongoni kutoka Walungu, jirani gani hulala nyuma ya migomba umemziba mdomo na kiganja, wenye bunduki wanapita karibu hata unasikia jasho lao, naye kwa woga anakung’ata na wewe huutoi mkono, mama alisema usimwachilie, hilo tu, hakupata nafasi ya kusema la pili, na Nabintu hakumwachilia, si barabarani, si kambini, mpaka yeye mwenyewe alipokohoa damu wakampeleka hospitali ya Lodwar, akakaa huko akikonda, na aliporudi Kakuma akamkuta Nsimire ameshaitwa, ameshahojiwa, anasafiri, wamenichagua peke yangu kwa sababu ya umri, yaya, nikifika nitakuita, naye akaamini, akafurahi hata, akamkalisha chini mchana kutwa akamsuka nywele za safari, laini, za kuteremka mabegani, ili wazungu wasiseme huyu hana mwenyewe… kumbe kichwa kile alichokishika kati ya magoti yake kilikuwa kimeshamzika. “Hapo kwa sikio usivute sana,” Muhonja anasema, naye analegeza, pole, na Muhonja anarudi kwenye hema lake, na Nabintu anarudi Lodwar, anajaribu kukasirika pale na hasira haikai, kwa sababu angeulizwa, angeambiwa, dada, mdogo wako anakubaliwa tu akiwa hana mtu, angesema mwenyewe semeni nimekufa, angejichimbia kaburi kwa mikono yake na kulifukia vizuri, mtoto apite, hilo angempa, angempa bila hata kulia… lakini hakuulizwa, na si hilo tu, si hilo hata kidogo, ni baadaye, ni zile simu za Jumapili miaka yote hii, Nsimire akiuliza unakula nini huko, naye akicheka, obusuma, ugali wao, nimeshazoea, akimweleza jinsi alivyofika Kakamega na mama mmoja wa kanisani, jinsi alivyofagia nywele za watu sakafuni wakimcheka akisema “mingi” mahali pa “nyingi”, hadi leo wanawake wanatoka Shianda kuja kusukwa na yeye, si na mwingine, na kila mara, mwisho wa simu, subiri kidogo, yaya, faili yako ya kuja huku inatembea… inatembea wapi, faili ya maiti, na Phineas je, Phineas fundi seremala mwenye maneno machache, aliyekuja kumwomba waoane, akaja tena, na Nabintu akampigia Nsimire, mdogo wangu nimepata mtu, anasali, hanywi, nifanyeje, na Nsimire akasema, “Usijifunge huko, yaya, subiri,” alikuwa anajua na akasema subiri, akamwacha amwambie mwanamume yule ngoja nipate jibu langu kwanza, na Phineas akangoja hadi nyumbani kwao wakamchoka, akaoa, ana mapacha sasa, hupita hapa mbele na kusalimia kwa heshima, mulembe, dada, tena bila kinyongo… kuuawa ninakusamehe, Nsimire, lakini kuniweka pale mlangoni miaka yote, nimesimama, nimevaa viatu, na wewe ndiwe uliyejua kwamba mlango ni ukuta! Angeweza, hata sasa, simu iko hapo kando ya mafuta, maneno machache tu, huyo ni ndugu yangu wa damu na mimi ni mzima, ayarushe hadharani wote wasome, na anaonja, kwa kitambo anaonja utamu wa Nsimire kuitwa ofisini, Nsimire kutetemeka… halafu anauona mtetemeko wenyewe, ni uleule wa migombani, na utamu unageuka mdomoni. Picha ataitoa. Jioni ataitoa. Lakini majirani hatasema, akiulizwa na mtu atanyamaza, ajitafutie huyo jirani huko aliko, na Jumapili akipiga simu, iite mpaka ichoke. “Wewe huimbanga ukisuka,” Muhonja anasema, anamtafuta kwenye kioo, “leo umenyamaza hivi, ama wameshakuita Kanada unaona haya kutuambia?” Vidole vinasimama. Jibu lake la siku zote liko tayari ulimini, bado kidogo, hivi karibuni, Mungu akijalia, amelitoa mara nyingi hata limekuwa kama salamu, analitafuta na haliji, na kinachokuja anakisikia kama kimesemwa na mtu mwingine aliyesimama nyuma yake. “Siendi mahali, Muhonja. Mimi ni wa hapa.” Hakuna furaha ndani yake, kifua bado kinawaka, kitawaka kesho na keshokutwa, na Muhonja, asiyejua lolote, anasema afadhali, maana wasichana wa harusi wote wanataka kusukwa kwa mkono wake na yeye ameshawaahidi, na mvua ya mchana inaanza kugonga mabati, na Nabintu anamwomba ainamishe kichwa, anashika fungu jingine la nywele, analigawa mara tatu.