Sauti Kwenye Koo la Meneja

Jumatatu saa tatu na nusu asubuhi, Mazoezi alipanga nakala tisa za mpango wa ununuzi kwenye meza ya kikao, akazibana kwa pini, akajaza maji kwenye glasi. Mpango aliuandika yeye kwa wiki tatu. Jina kwenye jalada lilikuwa la meneja.

Ofisi nzima ilimwita Mazoezi kwa sababu alikuja kujifunza utawala wa biashara kwa kufanya kazi. Aliambiwa miaka miwili, na wa pili ulikuwa ukingoni. Kilichobaki ni meneja kutia sahihi daftari lake la mafunzo kabla ya Ijumaa. Bila sahihi hakuna mtihani, na bila mtihani hakuna cheti. Daftari lilikuwa mezani kwa meneja tangu mwezi uliopita, chini ya kikombe.

Meneja alisimama, akaanza kusoma. Kinywani mwake ikatoka sauti ya Mazoezi, ile ile nyembamba, yenye kukwaruza kidogo mwishoni mwa sentensi. Mazoezi, aliyekuwa pembeni akiandika kumbukumbu za kikao, alijaribu kukohoa. Hakikutoka kitu. Wakurugenzi waliendelea kufuata mistari kwa vidole. Mmoja aliuliza kama dirisha lifungwe, maana meneja huenda ana mafua. Mwishoni walipiga makofi, wakasema siku hizi meneja anaeleweka.

Saa kumi mama yake Mazoezi, fundi cherehani, alipiga simu ya ofisi kuuliza kama binti atachelewa. Meneja akapokea.

"Mwanangu," mama akasema, "mbona unaongea kama mtu aliyeshiba?"

Meneja akajitambulisha. Mama akaweka mkasi chini.

Kesho yake alikuja ofisini, futi ya kupimia bado iko shingoni. Alionyeshwa kiti, hakukaa.

"Baba, hiyo sauti nimeizaa mimi. Irudishe, na daftari la mtoto ulitie sahihi."

"Mama yangu, tulia," meneja alimjibu kwa sauti ya binti yake. "Huyu bado anajifunza. Anachotengeneza hapa ni mali ya ofisi."

"Hata hilo 'mama yangu' umelichukua kwake."

Meneja akamwashiria Mazoezi amsindikize mgeni. Kwenye ngazi mama alimwomba Mungu ampe subira, kisha akamwomba asimpe nyingi mno.

Ijumaa meneja alitia sahihi ukurasa mmoja tu, ule wa kuongeza muda wa mafunzo kwa mwaka. Kwenye kipengele cha mawasiliano aliandika: Haongei. Mwezi uliofuata alipandishwa cheo, akahamia ghorofa ya juu. Alihama na kabati la mafaili na Mazoezi.

Sasa kila siku ya kazi, saa kumi kamili, simu ya ghorofa ya juu hulia. Meneja husema "Haloo" kwa sauti ile. Mama hasalimii. Husema, "Irudishe," akakata.

Mazoezi, kwenye meza ya pili, huiandika simu hiyo katika daftari la simu kwa mwandiko ulionyooka, kama alivyofundishwa: nani amepiga, saa ngapi, anataka nini. Kwenye safu ya mwisho, ya hatua iliyochukuliwa, huandika: Hakuna.

Daftari hilo meneja hulitia sahihi kila Ijumaa, bila kuchelewa.