Kabaila Aapa kwa Udongo

Asubuhi ya kiapo, Agafya Titovna alimkamua ng'ombe wake, akamnywesha mjukuu maziwa yangali ya moto, akajifunga kitambaa kichwani, akaenda malishoni. Malisho hayo ya kando ya mto ndiyo yaliyomlisha ng'ombe majira yote ya theluji, na ng'ombe ndiye aliyemlisha mtoto, maana mama yake alikufa akimzaa.

Aliyeyadai ni Kabaila Ippolit Savvich Vereteyev, mtu wa kasri la malkia, mwenye ufunguo wa dhahabu kiunoni. Alimiliki vijiji ambavyo hajawahi kuviona, lakini mwenye nacho huongezewa. Desturi ya pale ilijulikana: anayedai ardhi abebe kichwani pande la udongo na majani yake, auzunguke mpaka wote. Akiwa mwongo, ardhi itammeza.

"Bwana mkubwa, bado unaweza kurudi nyumbani," Agafya alimwambia. "Hata chai yako haijapoa."

"Bibi, mimi husimama nyuma ya kiti cha malkia karamu nzima bila kukohoa. Nitashindwa na tope?"

Padri Nikandr akamwekea udongo juu ya wigi. Hatua za mwanzo tu, ardhi ikameza viatu vyake. Alipofika kwenye miti myeupe ilikuwa magotini. Alipofika mtoni ilikuwa kiunoni, na ufunguo ukawa unalima. Akaendelea kutembea. Wanakijiji walimfuata kofia mkononi.

"Si mnaona anadanganya?" Agafya aliuliza.

"Anadanganya, mama," padri alijibu, "lakini anatembea."

Alipomaliza mzunguko kilibaki kichwa tu, na udongo wake juu. Desturi ilisema auzunguke mpaka. Haikusema kwa kina gani. Malisho yakawa yake.

Kabaila hakutoka tena. Kasri lilimletea daktari, halafu nishani, ikakosa pa kuning'inizwa.

Kiangazi kilichofuata wanakijiji walikata nyasi kwa ajili ya farasi wake, na Agafya akapewa sehemu yenye kichwa. Alipitisha mundu polepole shingoni asimkwaruze, akamfukuzia na nzi.

"Ng'ombe wako hajambo?" kabaila aliuliza. Mtu wa kasri hakosi adabu.

"Tulimuuza kabla ya theluji, bwana mkubwa. Angekula nini?"

"Na yule mtoto?"

Agafya alinoa mundu kwanza.

"Yuko huko huko chini, bwana mkubwa. Miguu yako iko karibu naye kuliko mikono yangu."

Kabaila alifumba macho. "Pole sana, Agafya Titovna," alisema, na pole hiyo ilitoka moyoni kweli. Agafya akaendelea kukata.

"Huku kulia," kabaila akasema, "umebakiza majani."

Agafya akarudi kulia, akayakata.