Chungu cha Glenys Msimu wa Mavuno

Glenys Trewin aliolewa na mkulima wa ngano, akazaa watoto kwenye shamba la ngano, na uzeeni akaambiwa ngano ndiyo inayomla utumbo, asiguse hata chembe yake.

Daktari alipompa habari hizo, mumewe Lindsay alicheka hadi akakohoa. "Kwa hiyo mke wangu, umegombana na shamba?" Glenys naye akacheka. Baadaye, akiwa peke yake jikoni, alifungua kabati akaona hakuna hata chakula kimoja alichozoea kupika ambacho bado kilikuwa halali kwake. Hapo ndipo alipolia.

Mkate, keki na sambusa za nyama, hivyo alivijua. Kumbe ngano ilijificha hata kwenye sosi ya soya na vidonge vya supu. Siku ya chai ya akina mama pale ukumbini, Noreen, jirani yake, alimsukumia sahani. "Kipande tu, Glenys! Hakijaua mtu." Akala kwa kuona haya, tumbo likamlaza kitandani. Mara iliyofuata alikwenda na kisahani chake kilichofunikwa kitambaa, wenzake wakakitazama kama kina dawa ya panya. Akaacha kwenda.

Mavuno yalipokaribia akanunua chungu cha umeme, kile kinachopika polepole. Alfajiri alipanga humo miguu ya kondoo, viazi, karoti na nyanya, akafunika, akakiacha kifanye kazi yake. Mchuzi aliukoleza mwishoni kwa wanga wa mahindi. Kufika adhuhuri, nyama ilikuwa inaachia mfupa yenyewe. Kwa mara ya kwanza tangu atoke kwa daktari alikuwa amepika chakula cha nyumba nzima, na yeye akiwemo.

Akakizungushia chungu taulo, akakipakia kwenye pikapu, akakipeleka shambani. Wanawe wawili, Ross na Darcy, walizima mashine za kuvunia wakaja na baba yao, wamejaa vumbi la makapi. Glenys alifunua tu, Darcy akamega mkate aliokuja nao akauchovya moja kwa moja chunguni.

"Mama! Hii ni balaa!"

Ross naye akachovya. Makombo yakaelea juu ya mchuzi. Glenys akabaki na upawa mkononi.

"Wewe huli?" Lindsay aliuliza.

"Nimeshakula nyumbani."

Alirudi nyumbani akachemsha yai, akalila akiwa amesimama kwenye sinki. Kilichomuuma hasa ni jinsi walivyokuwa na furaha.

Kesho yake alipika tena. Walipokaribia aliweka mkono juu ya kifuniko. "Mkate hausogei hapa."

"Lo! Mama kawa askari wa mpakani," Darcy akasema. "Tuonyeshe na pasipoti?"

Wote wakacheka.

"Darcy, jana sikula. Mlichovya mkate, nikarudi nyumbani na njaa yangu."

Ross akakuna shingo. "Si ungesema, Mama?"

"Ndiyo nasema."

Akajipakulia yeye kwanza, kisha akawapakulia wao. Vijana, kwa nia njema kabisa, wakachukua sahani na mikate yao wakaenda kukaa mbali, kivulini mwa lori, makombo yasimfikie. Lindsay akawafuata. Glenys akakaa nyuma ya pikapu, sahani magotini. Nyama ilikuwa laini, tamu, wala haikumdhuru. Kutoka kwenye lori alisikia Darcy akisimulia jambo na wengine wakiangua kicheko, lakini maneno hayakumfikia. Alikuwa amedhani anachokosa ni chakula.

Baada ya kitambo, Lindsay akainuka. Akakung'uta shati, akanawa mikono kwa maji ya dumu hadi kwenye viwiko, akaja.

"Wamenituma kuomba kiazi."

"Muongo."

"Muongo kweli." Akakaa kando yake. Akala kiazi, akamweleza kwamba ngano ya bondeni bado ina unyevu, na kwamba Noreen na mumewe wameanza kuvuna. Glenys alimsogelea mpaka mabega yakagusana.

Redio ya upepo ya kwenye lori ikamwita: mawingu yanajikusanya upande wa mashariki. Lindsay akanyanyuka huku magoti yakimlalamikia.

"Kesho unapika nini?"

"Kuku."

"Basi nitakaa huku."

Siku nyingine alikaa, siku nyingine mashine ilimnyima nafasi akala akiwa kwenye usukani. Siku hizo Glenys alikula peke yake, uso umeelekea mabua yaliyokatwa, vijana wakimpungia mkono kutoka kivulini. Naye aliwapungia, akajiongezea mchuzi, akala hadi akashiba.